Msiyakate Matangazo: Mikanda ya Video na Historia ya Gemu

Assalaam alaykum. Ahsanteni kwa kufika.

Ombi langu kwenu leo ni moja. Mnapoihamishia mikanda ya zamani ya video kwenye kompyuta, msiyakate matangazo. Mazoea yetu tunayajua: mtu anatafuta mpira au tamthilia aliyorikodiwa na jamaa yake Muscat au Dubai, likitokea tangazo, hata la gemu ya video, analiruka. Hapo ndipo kipande cha historia ya gemu kinapopotea.

Gemu yenyewe ina bahati. Iliuzwa, ikanunuliwa, ikawekwa kabatini. Tangazo lake halikuuzwa dukani. Lilirushwa kwa muda, kisha likaja jengine. Mara nyingi likisalimika, ni kwa kuwa mtu alikuwa akirikodi kitu chengine kabisa.

Tazameni Japani. Mwaka 1997, Sega ilikuwa inaelemewa na PlayStation ya Sony. Ili kuipigia debe mashine yake ya gemu, Saturn, ikamleta Segata Sanshiro, bwana aliyevaa nguo za judo, akiigizwa na Hiroshi Fujioka, akiwaandama na kuwabwaga chini vijana wasioicheza Saturn. Mwaka 1998, Dreamcast, mashine mpya ya Sega, ilipokaribia kutoka, akaagwa kwa tangazo ambamo anaidaka roketi iliyolengwa ofisi za Sega na kupaa nayo hadi angani. Mimi naliona tangazo lile ni kazi ya sanaa kamili. Anayezikusanya gemu za Saturn peke yake hawezi kuhisi ushindani ule ulivyokuwa mkali.

Huko Philadelphia, Marekani, Marion Stokes alirikodi televisheni usiku na mchana kwa miongo, hadi alipofariki 2012. Aliacha mikanda ipatayo 70,000, ambayo Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, iliipokea. Alichokitaka ni habari, lakini kwa kuwa mashine haikuzimwa, matangazo nayo yamo.

Hapa kwetu Zanzibar televisheni ya rangi ilianza miaka ya 1970. Bara walingoja hadi 1994. Kwa hivyo mikanda ipo, imo masandukuni, na adui yake ni unyevu. Unga wa sumaku umegandishwa juu ya plastiki nyembamba. Ule mgandisho ukinyonya maji hulainika, na picha huharibika. Kabla ya kuutia mkanda kwenye deki, uchungulieni kwenye kidirisha chake. Mkiona madoa meupe ukingoni mwa mkanda uliojiviringa, hiyo ni koga. Usichezwe! Utachafua kichwa cha deki na kuuambukiza mkanda unaofuata. Na deki nzima itunzeni kama mali, kwa sababu Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuzitengeneza, iliacha mwaka 2016.

Mkishaanza kunakili, uacheni mkanda uende mwanzo hadi mwisho. Wa Oman au Dubai kwa kawaida ni wa mfumo wa televisheni wa PAL, picha 25 kwa sekunde. Wa Japani au Marekani ni wa mfumo wa NTSC, karibu 30. Faili kubwa la mwanzo lihifadhiwe lilivyo, na lile dogo la kutumiana kwenye simu litolewe humo baadaye. Andikeni stesheni, na nani alirikodi. Tarehe mara nyingi hupatikana jirani na tangazo: taarifa ya habari iliyotangulia, au kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Tangazo likichomolwa peke yake, ushahidi huo hupotea.

Aliyekuja na mkanda aulete mezani tuuangalie pamoja, na maswali nayapokea sasa.