Evelyn Preer na Filamu Iliyokutwa Madrid

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliokubali kukalia mabenchi haya mpaka filamu ya leo, Within Our Gates, iishe.

Nitamzungumzia Evelyn Preer, mwigizaji ambaye miaka ya 1920 karibu kila Mmarekani Mweusi aliyependa sinema alimjua. Leo hata wanafunzi wa sanaa za maonyesho humsikia kwa nadra. Kipaji hakikupungua. Kilichopungua ni ushahidi, na hilo ndilo lililonileta mbele yenu.

Alizaliwa mwaka 1896 huko Vicksburg, Mississippi. Baba alifariki mapema, mama akawachukua watoto wakahamia Chicago. Binti akasoma huko, akawa anafuatana na mama yake kuhubiri mitaani. Nawaomba msiudharau uzoefu huo. Anayeweza kumsimamisha mpita njia aliye na haraka zake hana la kuogopa jukwaani.

Hapo Chicago alikutana na Oscar Micheaux, aliyekuwa mkulima, kisha mwandishi wa riwaya, na riwaya zake aliziuza mwenyewe. Mwaka 1919 Micheaux alitoa filamu yake ndefu ya kwanza, The Homesteader, na Evelyn akawemo. Mwaka uliofuata ikaja Within Our Gates.

Hapa nitakaa kidogo. Evelyn anacheza Sylvia Landry, mwalimu wa Kusini anayekwenda Boston kutafuta dola 5,000 za kuinusuru shule ya watoto Weusi. Mpaka hapo ni hadithi ya heri. Ndipo Micheaux anaturudisha nyuma: wazazi waliomlea Sylvia wananyongwa na umati wa Wazungu, na wakati huohuo Mzungu mmoja anataka kumbaka Sylvia, hadi anapoona kovu kifuani mwake na kung'amua kwamba huyu ni binti yake wa damu. Matukio hayo mawili yanakatizana, huku na kule, bila kumpa mtazamaji nafasi ya kupumua. Filamu ilioneshwa Chicago Januari 1920, miezi michache tu baada ya ghasia za Julai 1919 kati ya Wazungu na Weusi zilizoua watu 38 katika jiji hilohilo. Mnaweza kufikiria jinsi wakaguzi wa filamu walivyohangaika.

Jukwaani alikuwa na maisha mengine kabisa. Alijiunga na Lafayette Players, kundi lililoanzishwa na Anita Bush mwaka 1915 huko Harlem, mtaa wa New York, ambalo liliwapa waigizaji Weusi tamthilia za kila aina badala ya vichekesho vya kuwadhalilisha. Mwaka 1923 alikwenda New York na kundi la Ethiopian Art Players. Katika ziara hiyo walicheza Salome ya Oscar Wilde na tamthilia ya Willis Richardson, ya kwanza isiyo ya muziki iliyoandikwa na Mweusi kufika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York. Miaka mitatu baadaye, katika tamthilia ya Lulu Belle, alipewa nafasi ndogo. Mhusika mkuu, mwanamke Mweusi, alichezwa na Mzungu aliyejipaka rangi. Sina la kuongeza hapo.

Aliimba pia kwenye santuri, mara nyingine na bendi ya Duke Ellington, mwanamuziki wa jazi, na filamu zilipoanza kusema akacheza vichekesho vifupi. Novemba 1932 nimonia ilimuua huko Los Angeles, akiwa na miaka 36, miezi michache baada ya kujifungua mtoto wake wa pekee.

Sasa kuhusu ushahidi. Micheaux alikuwa na nakala chache za filamu zake, akizizungusha mji kwa mji mpaka zichakae. Wakaguzi wa huku walikata kipande, wa kule kingine. The Homesteader haijapatikana mpaka leo. Kati ya filamu bubu alizofanya Evelyn na Micheaux, iliyosalia ni Within Our Gates tu, nayo isingalikuwepo kama nakala moja isingalikutwa Hispania, katika hifadhi ya filamu ya Madrid, ikiitwa La Negra. Maktaba ya Bunge la Marekani iliitengeneza upya mwaka 1993, na maandishi yake mengi ikabidi yatafsiriwe kutoka Kihispania kurudi Kiingereza.

Na yule mtoto? Alikua akawa mtawa, Sista Francesca Thompson, kisha msomi. Tasnifu yake ya udaktari aliiandika juu ya Lafayette Players, kundi la mama yake, ambaye yeye hakuwa na kumbukumbu naye yoyote. Kwa maoni yangu, mengi tunayoyajua juu ya kundi hilo yasingalitufikia bila yeye.

Basi, tuitazame. Ni kama saa moja na dakika ishirini. Katikati kuna kipande kilichopotea, na maandishi yatawaeleza kilichokuwemo, kwa hiyo msimlaumu kijana wa projekta.