Protini Iko Wapi Kwenye Glasi Yako?

(Mhadhara uliotolewa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa jamii, Eastlands, Nairobi)

Hamjambo nyote? Asanteni kwa kuwahi. Stima bado iko, kwa hivyo nitaharakisha kidogo kabla haijatuponyoka. Nimeombwa niwaonyeshe sheki ya matunda na siagi ya karanga, pinati bata kama tunavyoiita dukani. Vijana wa jimu mmejificha kule nyuma, nawaona. Nyinyi ndio nitakaoanza kuwavunja moyo.

Matunda hayana protini ya maana. Ndizi hii ina kama gramu 1 tu. Embe, papai, pasheni, hadithi ni ile ile. Mtu ananunua glasi ya matunda matano, rangi zimepangana kama leso, anaambiwa inajenga misuli. Hiyo ni nyuzinyuzi, vitamini na sukari. Si vibaya, lakini kazi ya kujenga mwili iko kwa maziwa na karanga.

Hebu tuhesabu. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina gramu 8 hivi. Vijiko viwili vikubwa vya siagi ya karanga, 7. Na ndizi, 1. Jumla 16. Mkitaka kupanda juu bila kununua zile ndoo za unga wa protini za bei ya kutisha, ongezeni gramu 30 za maziwa ya unga: mtapata nyingine 8 au zaidi. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji takribani gramu 48 kwa siku, kwa hivyo glasi hii ni nusu ya safari. Tena vinasaidiana: karanga ni ndugu wa maharagwe, na protini yake ina upungufu wa laisini, mojawapo ya matofali yanayojenga protini, ambayo maziwa yanayo tele.

Sasa njooni karibu na sinia hili la karanga. Hapa sitaharakisha.

Mnaiona hii? Ngozi imekunjamana, imesinyaa. Hii nyingine ina doa la kijani lililofifia. Hii imepasuka, kuvu imeshapata mlango. Zote nazitupa. Wengi hapa mnakumbuka mwaka 2004, watu 125 walipofariki, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kuvu inayotoa sumu hiyo inapenda karanga vilevile, hasa zikianikwa vibaya au zikiwekwa gunia likiwa na unyevu. Kukaanga hakuimalizi sumu. Na sumu yenyewe haina ladha wala harufu, kwa hivyo msiseme “nimeonja, ziko sawa.” Kuchambua hakuondoi hatari yote ila kunaipunguza sana. Anayekuuzia siagi kwa kupima kijiko, mwombe akuonyeshe karanga anazosaga. Akikasirika, umeshajibiwa.

Mimi husaga nyumbani, na nina sababu. Siku moja nilipeleka karanga zangu, nimezichambua moja moja, kwenye kinu cha mtaani. Aliyenitangulia alikuwa amesaga pilipili. (Kicheko.) Mnacheka! Watoto walilamba kijiko kimoja, nyumba nzima ikawa kilio.

Ukisagia nyumbani, kaanga kwa moto mdogo, sugua maganda yatoke, peperusha, kisha saga zikiwa bado na joto. Kwanza utapata unga, halafu donge kavu, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kumwaga maji. Usimwage! Pumzisha blenda, kwangua pembeni, endelea. Mafuta yatatoka yenyewe na donge litalainika. Chumvi kidogo, sukari hapana.

Haya, tuwashe. Maziwa yanatangulia. Siagi ikitangulia hung'ang'ania chini ya visu, mota ikalia bure mpaka unasikia harufu ya kuungua. Kisha maziwa ya unga, siagi, na ndizi mwisho. Ndizi hii niliimenya jana ikiwa na madoa meusi, nikaikata vipande na kuiweka friza. Ndiyo barafu yangu. Haiyeyuki ikawa maji, na utamu wake unatosha. Asali sijaleta makusudi.

Mama hapa ananiuliza kuhusu nanasi. Ukilisaga bichi na maziwa ukayaacha, yatakuwa machungu. Nanasi lina kimeng'enya, bromelaini, ambacho kinavunjavunja protini ya maziwa. Lichemshe kwanza au unywe papo hapo. Mala, yaani maziwa yaliyochachuka, nayo inafaa badala ya maziwa, hasa kwa mwenye tumbo linalosumbuliwa na maziwa ya kawaida, na embe linaikubali vizuri sana.

Lakini glasi hii, pamoja na maziwa ya unga, inakaribia kalori 600. Huo ni mlo, si maji ya kuteremshia chapati madondo. Anayetaka kupunguza uzito atumie kijiko kimoja cha siagi na aache ule unga.

Imekuwa nzito, tazameni, inashuka kwenye mwiko kama uji wa wimbi. Kabla sijamimina: nani hapa, au mtoto wa nani, huvimba midomo au kuwashwa koo akila karanga? Inueni mikono, msione haya. Wawili. Nyinyi nitasuuza blenda kwa sabuni, niwatengenezee ya avokado na mala. Wengine, pitisheni vikombe.