Sukari Inayojisokota: mhadhara kwa wakulima wa mwani, Paje, Zanzibar

Assalamu alaikum, mama zangu. Asubuhi nimechukua mwani wa aina ya kotonii wa hapa hapa, nikauosha mara tatu kuutoa chumvi na mchanga, nikauchemsha hadi ukayeyuka, nikauchuja. Naumimina kwenye kikombe hiki bado wa moto. Naomba mtu asikiguse, tuzungumze huku unapoa.

Kilimo cha mwani wa biashara kilianza hapa Paje na Jambiani mwaka 1989. Tangu hapo kila bamvua mko pwani na taitai, vikamba vya kufungia mwani, mkononi, na ule utelezi wa mwani mnaujua kwa vidole. Utelezi ule ni sukari. Si ya chai. Hii ni galaktosi, chembe kwa chembe zimeshikana zikawa uzi mrefu uitwao karajinani. Maji yakiwa ya moto kila uzi huelea peke yake, umelegea. Yakipoa, nyuzi hujisokota mbili mbili, mfano wa kamba ya usumba, kisha kamba hizo hulaliana na madini ya potasiamu yakazibana. Hapana gundi, hapana msokotaji. Maji hunasa katikati kama dagaa wavuni, na hiyo ndiyo jeli. Nyuzi za spinosamu, aina nyingine ya mwani, nazo hujisokota, ila hupatana zaidi na kalsiamu, na jeli yake ni laini, hunepa.

Wanakemia wa tiba wakajiuliza: lazima uzi uwe mrefu? Wakachukua sukari ndogo kama glukosi, wakaipachika mkia wa mafuta. Kichwa chapenda maji, mkia wayakimbia. Zikitiwa majini, molekuli hizo hujipanga zenyewe, zikafanya nyuzi nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Zipo ambazo gramu 1 au 2 tu hugandisha gramu 100 za maji.

Mimi kinachonivutia zaidi ni kwamba molekuli hizo hazikushikana kwa nguvu. Baadhi ya jeli hizi hulegea zikisukumwa katika sindano, zikishapita hukaza tena, zimebeba dawa inayotoka kidogo kidogo. Juu ya kidonda, jeli hukiweka na unyevu, na ukiibandua haing'oi ngozi changa. Aliyewahi kubanduliwa shashi iliyogandia kwenye jeraha la moto anajua thamani ya hilo. Lakini nawaombeni, huu wa sufuriani msiupake kidonda: haukusafishwa vijidudu.

Haya, bibi uliyekaa mbele, njoo. Kimeshapoa. Kipindue, usiogope.

Mnaona? Haudondoki. Sasa tia kidole, bonyeza pole pole.