Jioni ya Michezo ya Familia Shuleni: Tuanze na Foleni

Walimu, wazazi na wanakamati, habari za jioni.

Kamati nyingi zikikaa kikao cha kwanza huanza kubishania michezo: tuweke huu, tuache ule. Leo naomba tuanzie kwingine, kwenye foleni. Mtoto wa miaka sita aliyesimama dakika kumi akisubiri kurusha mpira mmoja ameshachoka kabla hajacheza. Ataanza kusukumana na wenzake, mdogo wake atalia, na mama yao atautazama mlango. Kwa hiyo kabla hamjanunua hata puto moja, shikeni kalamu.

Chukueni watoto 150. Shughuli ni ya saa mbili. Ondoeni robo saa ya watu kuingia na robo saa ya kufunga, zinabaki dakika 90 za kucheza. Tukitaka kila mtoto apate zamu 10, tunahitaji zamu 1,500. Kituo kinachochezwa na mtoto mmoja mmoja, kila mmoja dakika moja, kinatoa zamu 90 tu. Maana yake vituo 17, na watu wa kuvisimamia hamtawapata. Dawa ni kuweka njia mbili sambamba katika kila kituo, zamu zikawa 180. Vituo sita vya namna hiyo ni zamu 1,080. Ongezeni mchezo mmoja wa kundi, watoto 20 kwa pamoja kila dakika tano: hizo ni 360. Meza ya kuchora na kukata karatasi yenye viti 16, watoto wakipokezana kila dakika kumi, inaleta 144. Jumla 1,584 kwa vituo vinane, na hesabu imekaa.

Lakini dakika moja hiyo ni pamoja na kuokota vilivyorushwa. Hapo ndipo kituo hukwama, kwa hiyo tukitazame kimoja kwa karibu: kurusha vifuko kwenye tundu la ubao. Kifuko kishonwe kwa kitambaa kigumu, sentimita 12 kwa 12, na kijazwe mbegu kavu theluthi mbili tu. Kikijaa pomoni kinadunda na kuteleza nje ya ubao. Kikiachiwa nafasi kinaanguka na kutulia. Pigeni mshono mara mbili, kwa sababu mmoja ukiachia, mbegu hutapakaa sakafuni na watu wakateleza. Tundu la sentimita 20 linatosha. Wekeni mistari mitatu ya kurushia: mita moja kwa wadogo kabisa, mita mbili kwa wa kati, mita tatu na nusu kwa wakubwa na wazazi. Mistari iwe ya selotepu ya rangi. Chaki itakuwa imefutwa na viatu mapema tu. Halafu kila njia ipewe seti mbili za vifuko vitano vitano. Mtoto huyu anaporusha, seti ya pili iko tayari mkononi mwa anayefuata. Mkiwa na seti moja, msimamizi atashinda ameinama na foleni itakua nyuma yake.

Nimesema wakubwa na wazazi, na nimekusudia. Hii ni jioni ya familia, na mzazi asiye na la kufanya atasimama ukutani na simu yake. Kila kituo kiwe na nafasi yake: arushe yeye moja, mtoto moja, alama zijumlishwe. Kinachosaidia sana ni kutoa kadi moja kwa familia nzima badala ya kadi kwa kila mtoto. Kadi ina miraba minane, kila kituo kinagonga muhuri wake. Familia hulazimika kuzunguka pamoja, na wadogo hawapotei ovyo.

Msigawe zawadi kwenye kila kituo. Mkifanya hivyo watoto wote watajazana penye zawadi bora na vituo vingine vitapwaya. Anayetoka na kadi yake, hata yenye mihuri mitano tu, apewe kitu kidogo mlangoni, na kila mtoto wa familia hiyo apate sawa na mwenzake. Na kama mnaweza, msitoze fedha kwa kila mchezo. Mtoto ambaye nyumbani hakukuwa na akiba ataonekana na wenzake wote, na hilo halistahili kutokea shuleni.

Sasa watu. Vituo vinane, wawili wawili, ni 16. Wagawanyeni kwa zamu mbili za dakika 45, wanakuwa 32, ili mzazi aliyejitolea naye apate nusu ya jioni na mwanawe. Ongezeni wanne wa akiba, maana kuna watakaokosa kufika. Kila mmoja ajue kwa maandishi kituo chake, saa yake, na nani atampokea. Ombi la jumla la "tunaomba msaada wenu" halijibiwi. Mtu akiombwa kwa jina, kazi fulani, saa fulani, huitikia.

Mlango wa kuingilia uwe mmoja, wenye meza ya kujiandikisha, na sharti litangazwe mapema: mtoto haachwi peke yake, anakuja na mtu mzima na anaondoka naye. Milango ya dharura isizibwe na meza. Nyaya za umeme zipite kando ya ukuta na zibandikwe chini. Sanduku la huduma ya kwanza liwe na mtu wake, na pawe na sehemu moja inayojulikana ya kumpeleka mtoto aliyepotezana na watu wake. Tengeni pia darasa moja tulivu, lisilo na muziki. Wapo watoto ambao kelele huwaumiza kweli, na darasa hilo ndilo litakaloziwezesha familia zao kubaki.

Chakula nitakipitia haraka. Meza ipakuliwe pande zote mbili, foleni mbili badala ya moja. Vinywaji viwe meza ya mbali kidogo, kwa kuwa mtoto akichagua kinywaji huku ameshika sahani, msururu husimama na sakafu hulowa. Andikeni mbele ya kila chakula kilichomo, hasa karanga, maziwa na mayai, kwa ajili ya wenye mzio. Idadi ya sahani ipateni kwenye fomu za kuthibitisha mahudhurio, kisha ongezeni sehemu moja ya kumi.

Tarehe ichaguliwe wiki sita hadi nane kabla, mbali na mitihani na sikukuu. Saa kumi na moja hadi saa moja ni muda mzuri; ukivuka hapo, wadogo wanasinzia mabegani. Tangazo liende mara tatu: mwezi mmoja kabla, wiki moja kabla, na siku moja kabla. Na kama mmepanga uwanjani, ukumbi au madarasa ya kuhamia yawe yameshagawanywa kwenye ramani kabla ya siku yenyewe. Mvua ikianza, hakuna atakayesikiliza maelezo mapya.

Robo saa kabla ya mwisho, fungeni vituo vyote kwa pamoja na muwaite watu kwenye mchezo mmoja wa wote, kuvuta kamba au wimbo wenye vitendo. Vituo vikifungwa kimoja kimoja, watoto hukimbilia vilivyobaki na foleni mliyoikwepa jioni nzima inawarudia dakika za mwisho. Wakati huohuo watu wanane wa usafi, ambao hawakuwa kwenye zamu nyingine yoyote, waanze na mifuko ya taka. Na kadi zinapokusanywa mlangoni, msizitupe. Hesabuni mihuri ya kila kituo usiku huohuo au kesho yake. Kituo chenye mihuri michache ama kilikuwa kigumu mno, ama kilikuwa kona isiyoonekana, ama foleni yake haikusogea. Muulizeni aliyekisimamia ni lipi kati ya hayo, na mwandike jibu lake kabla hajasahau.