Msuli Hausukumi: Kabla Hujamteremsha Mchezaji Mlimani

Mwangaluka, walimu na makocha. Wakubwa zangu, shikamooni.

Tuanze na sato. Aliyewahi kumpasua pale mwaloni Kirumba anajua: ukibandua ngozi, mnofu ni mweupe isipokuwa mstari mwekundu unaopita ubavuni hadi mkiani. Mstari huo ndio unaomwogelesha taratibu kutwa nzima. Una mishipa mingi ya damu, na wekundu wake unatokana na myoglobini, protini inayoshika oksijeni ndani ya msuli. Mnofu mweupe, ambao ndio mwingi, kazi yake ni kukurupuka: sekunde chache za kumkimbia sangara, basi, umechoka. Sisi pia tunazo nyuzi za polepole na nyuzi za kasi, ila kwetu zimechanganyika ndani ya msuli mmoja, ndiyo maana huwezi kuzitenga kwa macho.

Sasa mtazame sato huyo huyo saa kadhaa baada ya kufa. Amekakamaa kama ubao. Sababu yake ndiyo siri ya msuli wote.

Ndani ya kila uzi wa msuli mna nyuzi ndogo zaidi za protini mbili: aktini, ambayo ni nyembamba, na maiosini, ambayo ni nene. Maiosini imetoa vichwa pembeni mithili ya makasia ya mtumbwi. Kichwa kinashika aktini, kinavuta, kinaachia, kinashika tena mbele kidogo. Wengi hudhani nishati inatakiwa wakati wa kuvuta tu. Hapana, hata kuachia kunaitaka ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Samaki akifa, ATP inakwisha na vichwa vinabaki vimeshika. Na yule aliyepambana sana wavuni hukakamaa mapema zaidi, kwa kuwa akiba yake aliimaliza akiwa hai.

Jambo hili halikujulikana siku zote. Ilidhaniwa kwamba protini zenyewe hujikunja zikawa fupi. Mwaka 1954 jarida la Nature lilichapisha makala mbili kwa pamoja, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson. (Hao kina Huxley wawili hawakuwa ndugu.) Wote walionyesha kuwa nyuzi hazifupiki, bali zinateleza, moja ikipita kando ya nyingine. Kipande kimoja cha uzi kinachofanya kazi hiyo ya kuvuta huitwa sarkomea, na msuli ukiwa umetulia kina urefu wa mikrometa 2 na ushei. Kwenye sentimita moja ya uzi vimepangana zaidi ya 4,000.

Kwa hiyo msuli hausukumi kamwe. Hata unaposukuma mtumbwi kuutoa mchangani, ni msuli wa nyuma ya mkono unaovuta kiwiko kinyooke.

Lakini kuna hali nyingine ambayo makocha wengi hawaihesabu: msuli unavuta huku unarefushwa. Shuka kilima cha Bugando mbio. Kila unapokanyaga, goti linakunjika, na msuli wa mbele ya paja unavuta kulizuia usianguke. Unazuia, lakini unashindwa kidogo kidogo kwa makusudi. Namna hii nyuzi chache tu hubeba mzigo mkubwa, kwa hiyo oksijeni inayotumika ni kidogo na pumzi haikatiki. Hapo ndipo kocha anapodanganyika: anamwona kijana hahemi, anamwongezea mizunguko. Sarkomea hazina nguvu sawa. Zilizo dhaifu hurefuka kupita kiasi, na nyingine huvurugika.

Kesho yake kijana hawezi kushuka ngazi, na lawama inapelekwa kwa asidi ya laktiki. Asidi hii imesingiziwa muda mrefu. Mwaka 1907 Fletcher na Hopkins, kule Cambridge, walionyesha kuwa misuli ya chura ikifanyishwa kazi bila oksijeni hujaa asidi hiyo. Ugunduzi ulikuwa sahihi. Watu ndio waliouvuta hadi kwenye maumivu ya kesho yake, wakati Theodore Hough alikwisha kuandika mwaka 1902 kwamba maumivu ya aina hiyo yanatokana na kuchanika ndani ya msuli. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani waliwakimbiza watu dakika 45 kwenye mashine, mara tambarare, mara mteremko wa asilimia 10. Waliokimbia tambarare laktiki ilipanda, misuli haikuuma. Waliokimbia mteremko laktiki haikupanda, misuli ikauma. Isitoshe, baada ya mazoezi laktiki hurudi kiwango chake cha kawaida ndani ya saa moja hivi, ilhali maumivu hukolea kati ya saa 24 na 72. Na laktiki si taka: moyo na nyuzi za polepole huitumia kama mafuta.

Basi mteremko tuuache? Hapana, huo ni woga. Msuli ulioteremshwa kidogo mara moja hujikinga kwa wiki kadhaa. Ninavyopendekeza mimi, wiki ya kwanza weka miteremko 4 ya mita 50, kwa mwendo wa haraka, si mbio, halafu mpumzishe mchezaji siku 3. Wiki ya pili weka 6, wiki ya tatu 8, na hapo ndipo uruhusu mbio nyepesi. Usiweke mteremko mpya ndani ya siku 5 kabla ya mechi, kwa sababu nguvu hupungua kabla maumivu hayajaanza na hukawia kurudi. Kujinyoosha kabla ya zoezi hakuzuii maumivu haya, ingawa najua wengi wenu hamtakubali leo.

Akiumwa misuli, mtembeze au mwogeleshe taratibu. Maumivu yatalegea kwa muda. Usimkande kwa nguvu. Lakini akivimba paja, akadhoofika, na mkojo ukatoka wa rangi ya chai ya rangi au Coca-Cola, hayo si maumivu ya mazoezi tena. Protini za msuli zimemwagika kwenye damu na zinaweza kuziharibu figo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimpe diklofenaki wala ibuprofeni njiani.