Gari Safi kwa Ndoo Mbili

MWANAISHA: Hamjambo, wasikilizaji. Karibuni barazani kwetu hapa Malindi, joto la kaskazi limetukalia kichwani. Kahindi, leo nakuhoji wewe. Nasikia siku hizi unaosha magari kwa pesa, tena kwa maji kidogo, kutunza mazingira.

KAHINDI: Kuosha naosha tangu zamani, dada. Kilichoongezeka ni hiyo pesa. (Anacheka.) Nilianza na Probox ya mjomba, kila Jumamosi jioni, ili Jumapili aende nayo kanisani inang'aa. Majirani wakaiona, wakaanza kuniletea zao.

MWANAISHA: Bure?

KAHINDI: Soda, mia mbili, ahsante. Siku nilipochukua daftari nikaandika saa zangu, nilishtuka. Gari moja, ndani, nje na kupaka nta, lilinila saa tatu kwa shilingi mia tatu. Toa sabuni, toa nta. Nilikuwa nawalipa watu ili niwaoshee!

MWANAISHA: Ewe! Basi na hili la kutunza mazingira lilitoka wapi? Maana siku hizi kila mtu anajipaka kijani.

KAHINDI: Kwangu lilitoka kwenye mtungi. Maji ya mfereji hapa yanatoka Baricho, visimani kando ya mto Sabaki. Pampu zikisimama, mji mzima unamtafuta mwenye mkokoteni wa mitungi. Sasa mpira wa maji ukitoa lita kumi kwa dakika, ukauacha wazi dakika ishirini, hiyo ni lita mia mbili. Mitungi kumi kwa gari moja! Nikaona hapa faida yote inaishia mchangani.

MWANAISHA: Si kuna kisima?

KAHINDI: Cha kwetu kina chumvi. Maji yake yakikauka juani juu ya rangi nyeusi, gari lina madoadoa meupe kama limenyunyiziwa chokaa. Utayatoa kwa siki iliyozimuliwa, ukiwahi. Kwa hiyo natumia ndoo mbili: moja ya shampuu, moja ya kusuuzia kitambaa, na wavu chini ili mchanga ubaki huko. Lita thelathini, gari limekwisha. Naosha kivulini, chini ya makuti.

MWANAISHA: Na wateja wanaridhika? Mimi nisipoona povu naona nimeibiwa.

KAHINDI: Hapo ndipo kazi ilipo! Mteja anataka povu mpaka miguuni. Zamani nilimpa, kwa sabuni ya unga ya kufulia. Ile kali, inaondoa nta yote, rangi inabaki wazi kwa jua na upepo wa chumvi. Pwani hii kutu huanzia chini ya milango, wewe unaona juu panang'aa tu. Magari yanayopita Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, hayo kwanza nasafisha upande wa chini.

MWANAISHA: Povu lenyewe likienda mtaroni?

KAHINDI: Mvua ikinyesha linateremka baharini. Na bahari yetu ni hifadhi tangu 1968, ina matumbawe. Sabuni zenye fosfeti hulisha mwani, mwani ukizidi unayafunika. Kisheria pia, kanuni za ubora wa maji haziruhusu umwage majitaka ovyo. Ndiyo maana injini siioshi. Sina chemba ya kutenganisha mafuta na maji, na kuijenga ni ghali. Mteja akikasirika, namwelekeza kwenye karakana iliyo nayo.

MWANAISHA: Unafukuza pesa.

KAHINDI: Naifukuza, ndiyo. Inauma, sikufichi. Lakini naipata kwa ndani ya gari: viti, dashibodi, mchanga wa watoto waliotoka ufuoni. Mashine ya kunyonya vumbi na brashi, maji kidogo sana, na mteja hulipia bila kubishana.

MWANAISHA: Na ile dawa ya kupuliza, ya kuosha bila maji kabisa?

KAHINDI: Aa, ile ilinitia aibu. Niliitumia kwa gari lililotoka safari, tope jekundu limeganda. Nikapuliza, nikapangusa. Boneti ikawa kama imepitiwa na paka. Nilisugua kwa dawa ya kung'arishia siku nzima, bila malipo, na bado mwenyewe aliinama kuitazama juani. Ile ni ya vumbi jepesi tu, na kitambaa laini cha maikrofaiba unakigeuza kila mara. Kikianguka chini, usikirudishe garini.

MWANAISHA: Bei sasa?

KAHINDI: Naihesabu kwa saa, si kwa ukubwa wa gari. Tuktuk iliyochafuka inaweza kunishinda kuliko gari kubwa lililotunzwa. Nina kibali cha kaunti, na malipo ni kwa M-Pesa, ili nisiile pesa ya nta nikiwa na njaa.

MWANAISHA: Langu je? Jana nilikuwa Marafa, kule kwenye vumbi jekundu.

KAHINDI: Nimeliona hapo nje. Usiliguse na kitambaa! Lilete kesho asubuhi, na mtungi wako mmoja wa ziada.