Pikapu ya Zamani Haina Umri Mmoja: Kuisoma Land Rover Kuanzia Chesisi

Mabibi na mabwana, hamjambo.

Muuzaji akikwambia pikapu yake "ni ya sitini na nane", muulize swali moja tu: kitu gani ndani yake ndicho cha sitini na nane? Chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima? Injini? Au ni tarehe iliyoandikwa kwenye logbuku? Land Rover iliundwa ifunguliwe kwa spana na kufungwa tena, na milango, giaboksi, ekseli na hata injini za matoleo tofauti huingiliana. Gari lililofanya kazi miaka hamsini Pwani hii huwa limekula viungo vya magari matatu au manne. Kwa hiyo halina umri mmoja, lina umri mwingi. Kazi yetu ni kuupanga na kujua upi una uzito.

Tupitie kwanza matoleo kwa haraka. Series I ilitoka 1948 hadi 1958, na ubavu wake ni bapa kama kasha. Series II ya 1958 ndiyo iliyoleta ule mviringo unaopita ubavuni chini ya dirisha. Series IIA ilianza 1961, Series III ikaanza 1971 na kufikia 1985. Nyingi mtakazozikuta Mombasa ni IIA na III, na hizo ndizo huchanganywa zaidi.

Watu wengi huzitofautisha kwa uso. IIA ina grili ya nyavu za chuma, III ina grili ya plastiki. Taa kubwa zikiwa katikati karibu na grili, ni ya kabla ya 1968 au 1969. Zikiwa kwenye madigadi, ni ya baadaye. Hayo ni kweli kwa gari lililotoka kiwandani. Lakini uso ndio wa kwanza kugonga ng'ombe, ukuta na matatu, kwa hiyo ndio wa kwanza kubadilishwa. Ukinunua gari kwa kuangalia grili, umenunua grili.

Anza chini. Nambari ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, pale chesisi inaposhika springi ya mbele. Geuza usukani wote upande mmoja upate nafasi, halafu ingiza tochi. Hapa kwetu sehemu hiyo huwa imefunikwa na matope, grisi, rangi ya brashi na kutu, vyote kwa pamoja. Loanisha kwa mafuta ya taa, acha usiku kucha, kisha sugua kwa brashi ya nyuzi za shaba. Usitie grinda. Nambari haina kina kirefu, na grinda ikishapita hutaipata tena. Isitoshe, chuma kilichochunwa mahali pa nambari kitakuletea maswali siku ya ukaguzi. Ikiwa tarakimu zimefifia, pitisha chokaa juu kisha ufute kwa kitambaa kikavu: chokaa hubaki kwenye mashimo. Au weka karatasi nyembamba na ulaze penseli juu yake. Mulika tochi kutoka ubavuni, si moja kwa moja. Kivuli ndicho kinachosoma.

Kwenye IIA na III za kabla ya mwisho wa 1979 mtapata tarakimu tatu za mwanzo, nyingine tano, na herufi moja mwishoni. Zile tatu za mwanzo ndizo utambulisho. Kwa IIA, 241 ni ya petroli, fupi ya inchi 88 (umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma), iliyouzwa Uingereza, 242 ni ya kusafirishwa nje yenye usukani wa kulia, na 243 ni iliyotumwa kwa vipande ndani ya makasha ili iunganishwe ng'ambo. Pikapu ndefu ya inchi 109 ya petroli ni 251, 252 na 253 kwa mpangilio uleule. Diseli fupi huanza 271, diseli ndefu 276. Kwa Series III, petroli fupi ni 901, 902 na 903. Petroli ndefu 911, 912 na 913. Diseli ndefu huanza 916. Mwisho wa 1979 mtindo ukabadilika kuwa ile nambari ndefu yenye herufi nyingi.

Herufi ya mwisho huwachanganya wengi. A, B, C na kuendelea si mwaka. Ni alama ya mabadiliko ya kiufundi, ili anayeagiza spea ajue breki au giaboksi ni ya muundo gani. IIA ilifika hadi H, kisha Series III ikaanza upya na A. Kwa hiyo "herufi A" peke yake haisemi lolote mpaka uzisome tarakimu tatu zilizo mbele.

Gari lililokuja kwa vipande lina jambo lake. Kiwanda cha Thika kilichoanza miaka ya 1970 kama Leyland Kenya kiliunganisha Land Rover. Kasha likitoka Uingereza, likavuka bahari, likashushwa bandari ya Kilindini, likapanda reli, likangoja zamu yake, ndipo gari likaunganishwa, likauzwa na kusajiliwa. Mwaka wa logbuku ni mwaka wa kusajiliwa. Ukiona logbuku imechelewa mwaka mmoja nyuma ya chesisi, usishtuke. Ikiwa logbuku ni ya mapema kuliko chesisi, hapo shtuka.

Baada ya nambari, pima. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiangalia mbele, upime katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma. Inchi 88 ni sentimita 223.5, inchi 109 ni sentimita 276.9. Pima pande zote mbili. Tofauti ya sentimita moja na zaidi inaonyesha chesisi imepinda, au ile bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imeteleza.

Kuna pikapu ndefu ambazo hazikuzaliwa pikapu. Zilikuwa gari la abiria la milango mitano, zikakatwa nyuma. Bodi itakudanganya, tangi la mafuta halitakudanganya: pikapu ya 109 hubeba tangi chini ya kiti cha mbele, gari la abiria la 109 lilibeba tangi nyuma. Tafuta mabano ya kushikia tangi kwenye chesisi ya nyuma, hata kama tangi lenyewe limeshahamishwa. Mtu hung'oa tangi, mara chache hung'oa bano.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko mengine yote: amini kile ambacho hakuna fundi aliyekuwa na sababu ya kukigusa. Matundu, mabano, reveti. Ukuta unaotenga injini na kebini ni shahidi mzuri. Kwenye IIA, geji ziko katikati ya dashibodi na ufunguo uko hapohapo. Kwenye Series III, geji ziko mbele ya dereva, na swichi ya ufunguo imefungwa kwenye nguzo ya usukani. Gari lenye grili ya IIA na matundu yaliyozibwa kwa bati katikati ya dashibodi, au kinyume chake, linakueleza historia yake bila kuulizwa. Tazama pia kibati cha nambari ndani ya kebini: reveti za zamani zimebanwa pamoja na rangi ya zamani. Kikishikwa na skrubu au reveti mpya zinazong'aa, kilihama.

Injini ina nambari yake, imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto mbele, karibu na manifoldi ya ekzosi. Petroli ya lita 2.25 ya IIA kwa kawaida huanza 241, diseli 271. Za Series III huanza 901 na 906. Hii si lazima ilingane na nambari ya chesisi hadi tarakimu ya mwisho, hazikugongwa pamoja. Kinachotakiwa ni ziwe za kizazi kimoja. Kabureta nayo husema: Solex ni ya mapema, Zenith ikachukua nafasi kuanzia kama 1967. Mwaka huohuo umeme ukageuzwa. Kabla yake, chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Baadaye ni hasi. Hakikisheni hili kabla ya kufunga alteneta, kile kifaa cha kuchaji betri, kwa sababu daiodi zitaungua papo hapo. Series III ilikuja na alteneta. IIA ilikuja na dainamo, ile silinda nyeusi ndefu.

Giaboksi ijaribuni ikitembea. IIA haina sinkromeshi, ile inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, kwenye gia ya kwanza na ya pili, kwa hiyo ukishusha hadi ya pili bila kukanyaga klachi mara mbili italalamika. Series III inayo zote nne. Ekseli ya nyuma ya 109 ya Series III ni ya Salisbury, ile nene yenye kifuniko cha nyuma kilichofungwa kwa bolti kuizunguka. Ukiiona chini ya IIA ya 1963, iliongezwa. Ni nguvu zaidi, silalamiki, lakini si ya asili.

Vifaa vya umeme vya Lucas vimegongwa tarehe: wiki au mwezi, kisha mwaka. Dainamo, stata, distributa, mota ya waipa. Kioo cha Triplex kina nukta ndogo juu na chini ya maandishi zinazoonyesha robo ya mwaka na tarakimu ya mwisho ya mwaka. Kanuni ni hii: kifaa cha asili hutangulia gari kwa wiki au miezi michache, hakiji baada yake. Distributa ya 1971 kwenye gari la 1966 ni ya mtu mwingine. Kimoja hakithibitishi lolote. Vitano vinavyokubaliana ni neno.

Bodi sasa. Ni alumini, kwa sababu baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa kwa mgao Uingereza. Sumaku haishiki kwenye madigadi ya asili. Ikishika, mtu ameweka bati la chuma. Lakini ule ukuta wa mbele, fremu za milango na chesisi ni chuma, na hapo ndipo Pwani hutuumiza. Alumini ikigusana na chuma kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, inatoa unga mweupe na rangi inavimba. Pikapu iliyobeba samaki na barafu ina ugonjwa huu kila kona. Chesisi ni boksi lililochomelewa, huoza kutoka ndani. Igonge kwa nyundo ndogo kila nusu futi: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kama kibuyu. Mhimili wa nyuma unaokatiza chesisi ndio huenda kwanza, kisha mikono ya springi, ikiwemo ile yenye nambari. Mikono hiyo ikibadilishwa, nambari huondoka nayo. Muulize muuzaji kipande cha zamani kiko wapi na karatasi zake.

Rangi iacheni mwisho. Ya asili hupatikana chini ya viti na nyuma ya dashibodi.

Gari liko uani, limeinuliwa juu ya vigogo. Tochi mbili zipo, brashi ya shaba ipo. Tuanze gurudumu la mbele la kulia.